Lafudhi ya Kampala na Akaunti ya Sauti

Yapo maneno tunayoyasikia kila walimu wa Kiswahili wa Kampala wakutanapo, nayo hatuna budi kuyapinga. Husemwa kwamba Kiswahili chetu hakijasafika, kwamba kinanuka Luganda, na kwa hiyo kazi ya kukirekodi kwa ajili ya mashine tuwaachie wenyewe wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam. Ndugu zetu, huo si unyenyekevu. Ni uvivu uliovishwa kanzu.

Kazi yenyewe ni hii. Tangu 2017 shirika la Mozilla linaendesha mradi uitwao Common Voice, ambamo mtu husoma kwa sauti sentensi fupi aonyeshwazo katika simu au kompyuta, na wengine husikiliza na kupiga kura kama zimesomwa sawasawa. Sauti hizo hutumiwa kuifundisha mashine kusikia lugha. Kiswahili kimo, Luganda imo, na Kinyarwanda cha jirani zetu kimekwisha kupita saa 2,000. Kusoma kunawezekana hata bila ya kujiandikisha. Lakini mwenye kufungua akaunti, ambayo haina malipo, hupata nafasi ya kutaja umri, jinsia na lafudhi yake. Hapo ndipo penye thamani, kwani sauti isiyo na maelezo haimwambii mtafiti kuwa imetoka Kampala.

Mganda husema "balabala" mahali pa "barabara", kwa kuwa katika lugha yake r hukaa baada ya i na e tu. Darasani twamsahihisha, na ndiyo kazi yetu. Lakini mashine isiyopata kusikia "balabala" itamwelewaje mchuuzi wa Owino atakapoizungumzisha? Miongozo ya mradi inataka msikilizaji asikatae sentensi kwa sababu ya lafudhi, ila kwa maneno yaliyorukwa au kusomwa vibaya. Mwalimu mwenye kalamu nyekundu ni mwepesi wa kusahau tofauti hiyo. (Nasi tumo, "kula" mahali pa "kura" bado inatukuna masikio.)

Wanaodai kwamba Kampala haina neno katika mambo ya Kiswahili wamesahau kuwa mwaka 1952 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilihamia Makerere, juu ya kilima hiki hiki. Na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Watoto watakaojifunza watakizungumza kwa lafudhi hii tunayoionea haya.

Hata hivyo hatuwaungi mkono wenye pupa. Katika shule moja, ambayo hatutaitaja, wanafunzi wapatao arobaini walipangwa foleni wasome kwa akaunti ya mwalimu mmoja, ili jina lake lipande. Matokeo ni kwamba mashine imeambiwa sauti za wasichana wa miaka kumi na minne ni za mwanamume wa makamo. Huko ni kuuharibu mkusanyo, si kuuongeza. Tena sheria ya Uganda ya 2019 ya kulinda taarifa binafsi inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuchukua taarifa za mtoto. Na sauti zinazotolewa huko huachiwa umma bila ya haki miliki, hata yeyote, pamoja na makampuni makubwa ya Marekani, aweze kuzitumia bila ya kumwomba mtu ruhusa. Ikishachapishwa, hairudi. Jambo hili mtu mzima aweza kulipima na kulikubali. Mtoto aliyesimama foleni mbele ya mwalimu wake hawezi kukataa.

Basi foleni ivunjwe, na mwalimu asome mwenyewe, kwa akaunti yake. Sentensi kumi hazimalizi dakika tano. Penye lafudhi aandike Uganda.