SIRI YA MFANYAKAZI ISITEMBEE WAZI



Barua isiyofungwa ikikabidhiwa basi la Musanze pale Nyabugogo, kila anayeishika njiani aweza kuisoma. Hati ya mshahara ikifunguliwa kwa simu kupitia HTTP ni barua hiyo hiyo: jina, namba ya kitambulisho na neno la siri vyote hupita wazi. HTTPS ndiyo bahasha.

Mwajiri asituambie bahasha hiyo ni ghali. Tangu mwaka 2015 shirika la Let's Encrypt hutoa vyeti bure. Kwenye seva ya Java kama Tomcat, fundi huweka cheti na ufunguo wake wa siri katika hifadhi ya funguo, hufungua mlango namba 443, kisha huwaelekeza huko wote wanaoingia kwa HTTP. Cheti kina muda wake. Lazima kihuishwe kabla hakijaisha.

Sheria ya Rwanda Na. 058/2021 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Kwa hiyo hatuombi hisani, tunadai haki. Kila kamati ya wafanyakazi imwulize mwajiri: cheti kiko wapi, na nani amepewa kazi ya kukihuisha?