Peter Falk, jicho moja na sentensi mbili

Najua nimepotea kidogo. Testi zilitubana kwelikweli, na wengine bado tunasubiri matokeo huku tumbo likiunguruma. Leo sina habari za bumu wala za foleni ya kantini. Nataka kumzungumzia mzee mmoja wa Kimarekani aliyefariki mwaka 2011, na kwa nini naona stori yake tunaisimulia vibaya.

Mzee mwenyewe ni Peter Falk. Kama jina halikuingii, ni yule mpelelezi Columbo: koti la mvua limekunjamana kama limelaliwa na mbuzi, sigara nene mkononi, Peugeot 403 iliyochoka, na mbwa mvivu ambaye hata jina hana, anaitwa Mbwa tu. Hapa hosteli filamu zake zimezunguka kwenye flashi chumba kwa chumba, na pamoja nazo imezunguka stori ya maisha yake. Inasimuliwa hivi: jamaa alikuwa na kazi nzuri serikalini, siku moja akaamka, akaacha kila kitu, akafuata ndoto, akawa staa. Mwisho. Watu wanapiga makofi.

Sasa kuna mwenzetu mmoja, mwaka wa pili, Education kama mimi, anasema anaahirisha masomo aende kuigiza. Ukimuuliza vipi, jibu lake ni moja: "Mbona Falk aliacha?" Sitaki kumcheka. Ana kipaji kweli, waliomuona akiigiza wanajua. Na wote tunajua wengi wetu tulijaza Education kwa sababu ya mkopo, na ajira za walimu nazo mnaziona, watu wamemaliza wanasota mtaani miaka. Kwa hiyo mtu kutafuta njia nyingine si dhambi. Ila kama Falk ndiye shahidi wetu, basi tumsikilize mpaka mwisho.

Falk alizaliwa New York mwaka 1927. Akiwa na miaka mitatu madaktari walimtoa jicho la kulia kwa sababu ya saratani, akawekewa la bandia. Maisha yake yote aliishi na jicho moja. Ule mtazamo wa Columbo wa kukodoa na kupinda shingo, ambao watu wanadhani ni mbwembwe za kuigiza, sehemu yake ni jicho hilo. Alipotaka kujiunga na jeshi mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili walimkataa, akaenda kuwa mpishi kwenye meli za mizigo. Akarudi shule. Shahada ya kwanza alipata mwaka 1951, ya uzamili ya utawala wa umma mwaka 1953, Chuo Kikuu cha Syracuse. Kisha akaajiriwa katika ofisi ya bajeti ya jimbo la Connecticut, mjini Hartford, kazi yake kuchunguza jinsi ofisi nyingine zinavyoweza kufanya kazi kwa ufanisi. Mwenyewe alipenda kutania kwamba huyo mtaalamu wa ufanisi, siku ya kwanza kazini, alishindwa hata kulipata jengo la ofisi yake. Teh teh!

Hapa ndipo stori ya kwenye flashi inaruka. Falk hakuamka siku moja. Mchana alikuwa ofisini, jioni alikuwa na kikundi cha maigizo cha watu wa kujitolea pale Hartford, kilichoitwa Mark Twain Maskers. Hakuna aliyemlipa. Juu ya hapo akajiingiza kwenye darasa la uigizaji mjini Westport, kilomita kama 80 kutoka Hartford, kila wiki anaendesha gari kwenda na kurudi. Lile darasa lilikuwa la waigizaji wa kulipwa tu. Yeye hakuwa mmoja wao, aliwadanganya ili aingie. (Hiyo sehemu msiige jamani.)

Mwalimu wa darasa hilo alikuwa Eva Le Gallienne, mwigizaji mkubwa wa jukwaani wa enzi hizo. Falk kila wiki anachelewa. Mama akachoka, akamuuliza kwa nini anachelewa kila mara. Falk akasema anatoka Hartford. Mama akashangaa, Hartford kuna tamthilia gani ya kumlisha mwigizaji? Basi kijana akakosa pa kukimbilia, akakiri kwamba yeye si mwigizaji wa kulipwa, ni mfanyakazi wa serikali. Mama akamtazama kwa ukali, akamwambia kwamba basi alipaswa kuwa mwigizaji. Hivyo tu, sentensi moja. Falk anasimulia kwamba alirudi Hartford akaacha kazi. Na Le Gallienne hakuishia kwenye kusifu, alimwandikia barua ya kumtambulisha kwa wakala wa waigizaji New York.

Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza. Ya pili aliisikia baadaye, alipokwenda kufanyiwa majaribio na kampuni ya filamu ya Columbia. Mkubwa wa kampuni, Harry Cohn, alimkataa. Kwa maneno ya Falk mwenyewe, Cohn alisema kwamba kwa bei ileile anaweza kupata mwigizaji mwenye macho mawili.

Wadau, ziwekeni hizo sentensi mbili kwenye mizani. Wote wawili walimtazama kijana yuleyule. Mmoja alitazama anachofanya, mwingine akahesabu macho. Na wote wawili walikuwa na mamlaka juu yake, kama sisi tutakavyokuwa na mamlaka juu ya watoto wa watu tukishika chaki.

Na msidhani baada ya kuacha kazi mambo yalinyooka. Mchezo wake wa kwanza wa kulipwa New York, Don Juan, mwaka 1956, ulionyeshwa usiku mmoja tu ukafungwa. Lakini alikuwa amejiandaa, kwa hiyo nafasi zilipokuja zilimkuta yupo tayari. Mwaka 1960 aliigiza muuaji katika filamu ya Murder, Inc. akapendekezwa kwa tuzo ya Oscar. Mwaka uliofuata akapendekezwa tena, kwa Pocketful of Miracles. Mwaka 1962 akachukua Emmy kwa kuigiza dereva wa lori. Jicho lilelile!

Columbo mwenyewe alikuja mwaka 1968, Falk ana miaka 40. Waliomtunga, William Link na Richard Levinson, hawakuwa wamemfikiria yeye. Walimtaka mtu mzima zaidi, na mwanamuziki Bing Crosby alikuwa miongoni mwa waliotajwa, akakataa. Falk akaichukua nafasi, akaja hata na koti lake mwenyewe, alilolinunua mwaka 1966 mvua ilipomkuta barabarani New York. Tangu mwaka 1971 ikawa tamthilia ya kawaida ya televisheni, na kipindi cha kwanza cha mfululizo huo kiliongozwa na kijana ambaye wakati huo hakuwa na jina, Steven Spielberg. Iliendelea mpaka 1978, ikarudi mwaka 1989, na kipindi cha mwisho kilionyeshwa mwaka 2003. Jumla vipindi 69, na Emmy nne nyingine juu yake. Katikati ya hapo alicheza filamu za rafiki yake John Cassavetes, na ile ya A Woman Under the Influence ya mwaka 1974 aliweka hadi pesa zake mfukoni ili ikamilike.

Sasa nije kwenye Columbo kama mwalimu mtarajiwa, maana hapa ndipo naipenda hii kitu kichizi. Tamthilia nyingi za upelelezi zinakuficha muuaji mpaka mwisho. Columbo inakuonyesha dakika za mwanzo kabisa nani kaua na kaua vipi. Muuaji karibu kila mara ni mtu mkubwa: daktari, mwandishi, tajiri, msomi. Halafu anaingia huyu mzee na koti lake, anasahau kalamu, anamsifia mke wake ambaye hatumwoni, anauliza mambo ya kijinga. Mkubwa anamdharau. Na kwa kuwa anamdharau, anaongea. Anamweleza, anamsahihisha, anamfundisha. Columbo anashukuru, anaondoka, anafika mlangoni, anageuka: samahani bosi, kitu kimoja tu kimebaki. Hapo ndipo mtu anakwisha.

Kumbe hata hiyo ya kurudi mlangoni ilitokea kwa uvivu mtakatifu. Link alisimulia kwamba walipokuwa wanaandika mchezo wa jukwaani, walikuta wamesahau swali moja baada ya Columbo kutoka. Hawakutaka kupiga upya ukurasa mzima kwa taipureta, wakaamua tu arudi aulize. Likawa ndilo jambo analokumbukwa nalo dunia nzima.

Kwenye somo la mbinu za kufundisha tunakaririshwa kila siku umuhimu wa maswali, na kila siku tunafundishwa kwa kusomewa slaidi, haya. Columbo angekuwa mwalimu mzuri. Hajionyeshi kwamba anajua. Anamwacha mtu aongee mpaka kilichomo kitoke, kiwe kweli au uongo. Mwalimu anayetaka kujua mwanafunzi ameelewa nini hana njia nyingine, lazima anyamaze amsikilize. Wengi wetu tukienda TP tunaogopa ukimya wa darasa, tunaujaza kwa kelele zetu.

Na kuna kitu nilikiona TP ambacho kinanirudia kila nikimwaza Harry Cohn. Shule siitaji. Kuna mtoto wa kidato cha pili alikuwa na kigugumizi. Anajua hesabu kuliko nusu ya darasa. Siku moja alinyoosha mkono ajibu, akakwama kwenye neno la kwanza, na mwalimu wa somo akamwambia mbele ya wenzake akae chini, asipoteze muda wa watu, wapo wanaoweza kuongea. Darasa likacheka. Yaani sentensi ya Cohn ileile, imevuka bahari imefika kwetu. Kwa wiki zote zilizobaki sikuuona tena mkono wa yule mtoto juu. Nilikuwa namfuata dawati lake, anaandika jibu, mara nyingi liko sawa.

Falk alikuwa na bahati, kabla ya Cohn alishampata Le Gallienne. Yule mtoto amempata Cohn akiwa na miaka 14 au 15. Nani atamfikia na ile sentensi nyingine?

Ndiyo maana nasema stori tunaisimulia vibaya. Tunasema mtu alifuata ndoto, tunamfuta mwalimu aliyemwona. Tunasema aliacha kazi, tunafuta jioni zote za bure pale Hartford na zile safari za Westport. Pia tunasahau kwamba alipoacha kazi alikuwa na digrii mbili kabatini, barua mkononi, na kazi ya jukwaani aliyoizoea miaka. Hakuruka gizani. Alijenga daraja jioni baada ya jioni, ndipo akavuka.

Kwa hiyo mdau mwenzangu wa mwaka wa pili, na unajijua, ushauri wangu ni huu. Igiza. Anza wiki hii, usingoje kuahirisha kitu. Jioni zipo, wikiendi zipo, kikundi cha sanaa kipo. Tafuta mtu anayeijua kazi, asiye shosti wako wala mjomba wako, akutazame akwambie ukweli. Akikwambia unapaswa kuwa mwigizaji, na una kitu cha kumwonyesha wakala, basi nenda na mimi nitakuchangia nauli. Lakini usimtumie Falk kukimbia UE, hakufanya hivyo.

Na sisi tunaobaki na chaki tusijione tumebaki nyuma. Yule mama hakumfundisha Falk miaka kumi. Alikuwa naye mara moja kwa wiki, tena kijana mchelewaji na mwongo! Ila alimtazama vizuri, akasema alichokiona, na akaandika barua. Hayo matatu hayahitaji maabara wala projekta.

Mwisho wa Falk haukuwa mtamu. Miaka ya mwisho alipata ugonjwa wa kusahau, na mwaka 2009 daktari alieleza mahakamani kwamba mzee hakuweza tena kumkumbuka hata Columbo. Alifariki Juni 2011, ana miaka 83. Inauma ukiwaza: mtu aliyegeuka mlangoni mara zote hizo kwa sababu amekumbuka kitu kimoja, mwisho hakikubaki hata hicho. Lakini sisi bado tunakumbuka, hadi huku hosteli kwenye flashi ya kuazima.

TP inakaribia tena. Kabla hamjafunga mabegi, naomba kila mmoja ajiulize kitu kimoja tu: mtoto akikwama mbele yako, utamwambia sentensi ipi?

Naomba kuwasilisha. Wenye mawazo tofauti, uwanja ni wenu.