Ukizamia na mwanao, hesabu mitungi, usihesabu ghorofa za meli

KAKA yangu anaishi Houston, Texas, na binti yake ana miaka 13. Wote wawili wana kadi za uzamiaji. Wiki iliyopita alinipigia simu saa nne usiku, kwao ni mchana, anataka ushauri wa safari fupi ya meli ya kitalii. Siku tano tu, shule hairuhusu zaidi. Meli inaondoka bandari ya Galveston, inakwenda Cozumel kule Meksiko, inarudi. Ina mabwawa, ina sinema, na chakula unakula mpaka unalegeza mkanda.

“Mdogo wangu, wewe si ndiye mtu wa bahari? Nilipie au nisilipie?”

Nikamwuliza swali moja tu: Kaka, mtazamia mara ngapi?

Akakaa kimya. Hilo hakuwa amelipigia hesabu.

Basi tukapiga pamoja. Siku ya kwanza mnapanda meli. Siku ya pili mko katikati ya maji, hakuna kuzamia. Siku ya tatu ndiyo Cozumel: meli inatia nanga asubuhi, mnakimbilia boti ya wazamiaji, mnapiga mtungi wa kwanza, mnapumzika, mnapiga wa pili, mnarudi kabla meli haijawaacha. Siku ya nne baharini tena. Siku ya tano mnashuka na mabegi.

Siku tano, mitungi miwili. Mtungi mmoja ukikupa dakika 45 chini ya maji, jumla ni dakika 90. Mechi moja ya mpira, tena bila dakika za nyongeza. Na siku hiyo upepo ukichafuka na nahodha akaamua kutoingia bandarini, hata hiyo mechi hamna. Mnabaki kuogelea kwenye bwawa pamoja na watu 3,000.

Sisemi meli kubwa ni mbaya. Kama shemeji naye anakwenda na hapendi maji, kama kuna bibi na watoto wadogo, meli ile inamfaa kila mtu kidogo. Na Cozumel yenyewe siyo ya kubeza. Pale kuna mkondo unakubeba taratibu kando ya matumbawe ya Palancar, wewe unaelea tu unatazama. Lakini kaka alisema anakwenda yeye na binti, na wanakwenda kwa ajili ya kuzamia. Ukisema hivyo, kipimo chako kiwe mitungi. Ghorofa za meli waachie wengine.

Mwenye safari ya namna hiyo ana njia tatu. Ya kwanza ni hiyo meli kubwa. Ya pili ni boti za wazamiaji ambazo mnalala humo humo, mnakula humo humo, na mnaweza kuzamia mara tatu au nne kwa siku. Ya tatu ni kukaa nchi kavu karibu na miamba mizuri, kila asubuhi boti inawachukua na mchana mnarudi kula wali wenu kwa utulivu.

Wazamiaji wengi wanakimbilia njia ya pili kwa sababu mitungi ni mingi. Mimi kwa mzazi na kijana wa umri ule, kwa siku nne au tano, nasema njia ya tatu. Sababu yangu siyo gharama. Sababu yangu ni kadi ya mtoto.

Tuelewane hapa. Kwa taratibu za PADI, ambayo kadi zake ndizo zinazoonekana zaidi huku kwetu, mtoto anaweza kupata cheti cha awali cha vijana kuanzia miaka 10. Wa miaka 10 na 11 mwisho wake ni mita 12, tena akiwa na mzazi, mlezi au mwalimu. Wa miaka 12 hadi 14 wa cheti hicho mwisho wake ni mita 18, na lazima awe na mtu mzima mwenye cheti. Akishafika 15 ndipo kadi yake inaweza kubadilishwa kuwa ya kawaida. Baba mwenye cheti cha juu anaruhusiwa mita 30.

Sasa mnapoingia majini wawili, timu ina mipaka ya nani? Ya mtoto. Haina mjadala. Unaweza kuwa na kadi zote za dunia, ukishuka na mwenza wa mita 18 basi na wewe ni mtu wa mita 18.

Hili sikulijua kwa kusoma. Nililijua kwa aibu.

Miaka miwili iliyopita nilikwenda Mnemba, kaskazini mashariki mwa Unguja, na mwanangu wa kiume, wakati huo ana miaka 14. Maji meupe, mkondo mdogo, tunashuka kando ya ukuta wa matumbawe. Kiongozi wetu yuko mbele kidogo na wageni wengine. Chini yangu nikamwona kasa mkubwa ametulia, anakula. Nikashuka kumfuata. Mita 19, mita 21, wala sikutazama saa yangu. Nikasikia mtungi wangu unagongwa, ngo, ngo. Nikageuka. Kijana yuko juu yangu, amenyoosha mkono ananionesha saa yake ya kuzamia: mita 18. Akatikisa kiganja, ile ishara ya kwamba mambo siyo sawa.

Nikapanda. Tukamaliza mbizi salama, tukasimama mita tano kwa dakika tatu kama inavyotakiwa, tukatoka. Kwenye boti hakusema neno mbele za watu. Jioni tukiwa tunakula ndipo akasema, “Baba, leo nilitaka kukufuata kule chini.”

Nikamwuliza kwa nini, na alijua kadi yake inaishia wapi.

“Kwa sababu ni wewe.”

Ile sentensi sijaisahau. Mtoto anaweza kumkatalia kiongozi wa boti. Anaweza kumkatalia rafiki yake. Baba yake akishuka, atashuka. Kwa hiyo hatari kubwa ya safari ya mzazi na kijana siyo papa na siyo mkondo. Ni mzazi mwenye tamaa.

Ndiyo maana nasema chagua mahali ambapo kitu kizuri kiko ndani ya kadi ya mtoto, ili tamaa isipate pa kukushikia. Mfano uko hapo Mji Mkongwe. Kuna meli mbili za zamani zimelala chini ya bahari ile. Moja ni HMS Pegasus ya Waingereza, iliyozamishwa na meli ya Kijerumani, Königsberg, Septemba 1914. Hiyo iko kama mita 40 chini. Ina historia, ina jina, lakini kwa mtoto wa miaka 13 ni marufuku kabisa, na hata kwa wazazi wengi ni marufuku. Nyingine ni Great Northern, iliyozama mwisho wa mwaka 1902. Hiyo iko kama mita 12 tu. Mtoto anaizunguka, anaona samaki wamejijengea mtaa kwenye vyuma, hewa bado ipo tele, na baba hana sababu ya kutazama chini. Mzazi mwenye akili anachagua ya mita 12 na anarudi amefurahi.

Kwenye boti ya kulala humo humo hali ni tofauti. Nyingi zinakwenda mbali, kwenye kuta ndefu na mikondo mikali, na ratiba inapangwa kwa ajili ya watu wazima wenye mbizi nyingi. Kijana wako atabaki juu mara mbili kwa siku anaangalia wenzake wakivaa mitungi, au mbaya zaidi, utashawishika kumwingiza. Na kuna la kulala. Septemba 2, 2019, boti ya wazamiaji iitwayo Conception iliwaka moto usiku kule California. Watu 34 waliokuwa wamelala chini walikufa. Uchunguzi ukaonesha hapakuwa na mlinzi wa zamu anayezunguka usiku. Sisi watu wa Unguja na Pemba hatuhitaji kuhubiriwa kuhusu vyombo vya majini. Tuna Spice Islander ya 2011 na Skagit ya 2012 vifuani mwetu.

Kwa hiyo kabla hujalipa, popote pale, uliza. Oksijeni ipo kwenye boti? Redio inafanya kazi? Chumba cha mgandamizo wa hewa cha kutibu wazamiaji kiko wapi, na ni saa ngapi kufika? Majaketi ya kuelea ya saizi ya mtoto yapo, au atavalishwa la mtu mzima linalomponyoka mabegani? Kiongozi mmoja anachukua wazamiaji wangapi? Nani anahesabu vichwa? Swali la mwisho usilione la kitoto. Mwaka 1998 huko Australia, wazamiaji wawili waliachwa kwenye Great Barrier Reef kwa sababu hesabu ilikosewa. Hawakuonekana tena.

Mwenye ofisi akikasirikia maswali haya, ameshakujibu.

Halafu kuna hesabu ya ndege, ambayo kwenye safari fupi ndiyo inayovuruga watu. Ukizamia, naitrojeni inabaki mwilini na inatoka taratibu. Ukipanda ndege mapema, inaweza kufanya mapovu mwilini, na hapo ndipo watu wanapooza viungo. Ushauri unaotumika ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na angalau saa 18 kama mmezamia mara nyingi au siku kadhaa mfululizo. Na ndege ndogo ya kutoka Mafia kuja Dar es Salaam nayo ni ndege, usijidanganye kwa sababu ni nusu saa tu.

Maana yake siku ya mwisho haihesabiki. Ukifika Alhamisi na kuondoka Jumapili, una Ijumaa na Jumamosi. Jumamosi mtungi wa mwisho uishe saa sita mchana, kufikia saa kumi na mbili asubuhi Jumapili umetimiza saa 18. Hapo umepata mitungi minne mpaka mitano kwa siku nne, kila usiku kitandani, na hakuna aliyelevywa na bahari usiku kucha.

Linganisha na ile miwili ya siku tano.

Nikamwambia kaka, kama lazima iwe huko huko, basi pandeni ndege mwende Cozumel mkae pale pale siku nne. Miamba ni ile ile, mtapata mitungi mara mbili au zaidi ya ile ya meli. Lakini kama Desemba mnakuja kumwona mama, na kila mwaka mnasema mnakuja, basi ongezeni siku nne za Mafia.

Mafia ndiko kwenye hifadhi ya bahari ya kwanza nchini, ilianzishwa 1995. Ndani ya Ghuba ya Chole maji yamekingwa na matumbawe ni ya kina cha kumfaa kijana. Desemba upepo ni wa kaskazi, bahari imetulia kuliko Juni na Julai kusi inapovuma. Upande wa Kilindoni msimu huo papa potwe wanapita, samaki mkubwa kuliko wote duniani, na kumwona huhitaji hata mtungi, ni miwani ya maji na mapezi tu. Shemeji asiyezamia naye atapata lake. Cha kuangalia ni mwezi. Msipange safari wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu, maana pale mlango wa Kinasi mkondo unakuwa siyo wa kitoto. Njooni maji mafu. Wavuvi wa pale watawaambia bila kufungua simu.

Nina la kusema pia kwa wazazi wa hapa nyumbani. Miaka yote niliyozamia Mnemba na Mafia, wazazi na watoto niliowakuta kwenye boti ni Wajerumani, Wafaransa, Waafrika Kusini. Watoto wetu wanaokaa umbali wa kutupa jiwe kutoka baharini wanaijua kwa kuipigia picha. Tunawapeleka akademi za mpira wakiwa na miaka sita, lakini kuogelea tunasema ni hatari. Hatari zaidi ni kutokujua. Kozi ya uzamiaji siyo rahisi kwa mfuko, hilo nakiri. Kuogelea ndiyo hatua ya kwanza, na hiyo iko ndani ya uwezo wa wengi wetu tunaolipia king'amuzi kila mwezi.

Juzi kaka amenipigia tena. Safari hii aliyekuwa na simu ni binti.

“Baba mdogo, Mafia kuna sehemu za mita 18 au zote ni za baba?”

Nikamwambia zipo, tena nzuri kuliko za baba.

“Sawa. Basi mimi ndiye nitashika saa.”

Nikajua mle ndani nahodha keshapatikana.