FUNZA ANAHESABIWA, MTU JE?



Reli haifiki Garissa, na wengine watauliza watu wa reli tunatafuta nini katika pamba. Jibu letu ni hili: mapipa ya dawa ya wadudu tunayapakua sisi. Tumekwisha kupakua yaliyovuja, tukapewa gunia la unga wa mbao tukaushe behewa, na jioni mikono ikatuwasha.

Pamba ya Mto Tana ina historia ya uchungu. Mashamba ya Hola yalianza mwaka 1953 kwa jasho la mahabusu, na kipigo cha tarehe 3 Machi 1959 kiliwaua 11 kati yao. Bura, kusini mwa Garissa, ilifuata miaka ya 1980. Adui ni wale wale: funza wa vitumba, kangambili na nzi weupe. Mbegu mpya iliyoruhusiwa nchini Desemba 2019 humpinga funza, lakini kangambili haimgusi. Basi bomba halijashuka mgongoni.

Ili kujua dawa ipi inafaa, shamba hugawanywa vipande. Hiki hupigwa dawa hii, kile dawa ile, kimoja huachwa bila dawa. Funza huhesabiwa mche kwa mche, pamba hupimwa kwa mizani. Hatuipingi kazi hiyo. Bila majaribio mkulima atauziwa maji ya rangi.

Lakini katika daftari lile, ukurasa wa mchukua bomba uko wapi? Dawa nyingine hupenya ngozi na kushika mishipa ya fahamu. Mtu hutoka jasho na mate, mboni za macho husinyaa, pumzi humbana. Kipimo cha damu kipo, nacho huweza kuonyesha sumu hiyo kabla mtu hajaanguka.

Tutaambiwa maandishi ya chupa yanataka koti la mpira, glavu na kinyago. Joto la Garissa hupita nyuzi 35! Avae nani koti hilo tangu asubuhi hata adhuhuri, mwandishi wa chupa? Dawa isiyoweza kupigwa kwa salama katika joto la Tana imeshindwa, hata ikiua funza wote.

Sheria ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe nguo za kinga bila malipo. Sisi tunataka zaidi. Kila dawa inapojaribiwa, damu ya wapigaji ipimwe kabla na baada, kwa gharama ya mwenye dawa, na matokeo yaandikwe pamoja na hesabu ya funza. Azimio hilo tutalipeleka mkutano wa tawi. Mwenye ndugu aliyeugua kwa kazi hiyo amwone katibu kabla ya mkutano.