Mwalimu Aliyenyimwa "Kwa Nini"

Makamanda, kila matokeo ya mitihani yakitoka tunapiga kelele kuhusu Hisabati, halafu lawama zote zinaishia kwa watoto. Eti wavivu, eti wanashinda kwenye simu. Mimi nataka tugeuze swali: anayewafundisha, yeye alifundishwa nini?

Kabla ya kuingia sheria nilisoma EGM. Kwenye kalkulasi tuliambiwa hivi: ukiona x², shusha ile 2 mbele, punguza kipeo kwa moja, jibu ni 2x. Ukiuliza kwa nini, jibu ni "wewe andika hivyo, maksi utapata." Na kweli, maksi tulipata.

Hebu tulifanye wenyewe. Basi linaondoka stendi, na umbali wake kwa mita ni sekunde zidisha sekunde. Sekunde ya 3 limefika mita 9. Kasi yake pale pale ni ngapi? Ongeza muda kidogo, uite h. Umbali unaongezeka kwa 6h + h². Gawanya kwa h, unapata 6 + h. Kisha mwalimu anaifuta h, inabaki 6.

Mwanafunzi makini atanyoosha mkono: "Mwalimu, umegawanya kwa h, sasa unasema h ni sifuri. Si ulisema kugawanya kwa sifuri hairuhusiwi?"

Huyo mtoto sio mkorofi. Askofu George Berkeley aliwabana wafuasi wa Newton kwa hoja hiyo hiyo mwaka 1734, na ilipita zaidi ya miaka 80 kabla Mfaransa Cauchy hajaanza kuijibu vizuri. Jibu ni kwamba h haiwi sifuri. Tunaipunguza tu, na kadiri inavyopungua, kasi inaikaribia 6 kiasi chochote utakachotaka. Hicho ndicho kikomo. Mwaka 1858, kule Zürich, mwalimu kijana wa miaka 27, Richard Dedekind, aliona anafundisha kalkulasi bila msingi unaomridhisha. Akakaa chini akautafuta. Nadharia yake ilizaliwa na mahitaji ya darasani.

Sisi wa sheria tunafundishwa kwamba hukumu lazima iwe na sababu. Ipo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, Amri ya XX. Sasa mwalimu wetu wa Hisabati anatoa hukumu bila sababu kila siku, kwa kuwa sababu zenyewe hakupewa.

Nani alimnyima? Tukumbushane. Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati waliondolewa Chuo Kikuu cha Dodoma. Kozi hiyo ilianzishwa na serikali ya chama hicho hicho ili kuziba pengo la walimu. Wahadhiri waligoma wakidai malipo yao, wanafunzi wakarudishwa nyumbani, na juu yake wakaitwa vilaza. Baadaye wengi walitawanywa kwenye vyuo vya ualimu. Nchi inayomtendea hivyo mwalimu mtarajiwa isishangae matokeo.

Kuna watakaosema mwalimu wa sekondari hahitaji nadharia ya chuo kikuu, anahitaji madawati na chaki. Madawati tunayadai pia. Lakini sisemi watoto wakaririshwe nadharia. Nasema mwalimu awe nayo mfukoni, siku swali la sifuri likija asimnyamazishe mtoto. Wapo walimu wenye digrii walioisoma, ila ikabaki chuoni, kwa sababu hakuna aliyewaonyesha inajibu swali lipi la kidato cha tano.

Kwa hiyo tudai mambo mawili. Kwanza, vyuo vya ualimu vifundishe "kwa nini" ya kila kanuni anayokwenda kuifundisha mwalimu. Pili, mafunzo kazini ya MEWAKA yatengewe muda na fedha za kufanya hivyo, mwalimu asijilipie nauli.

Hili ni jambo la siasa kabisa. Mtoto aliyezoeshwa "andika hivyo hivyo" ndiye mpiga kura wa kesho, atakayeambiwa deni la taifa ni himilivu akaitikia. Aliyefundishwa kuuliza atataka kujua linakua kwa kasi gani, na nani aliyepiga hesabu.