Kibodi Ikigoma, Mtoto Asigombezwe Kwanza

Jumapili jioni, katika nyumba moja ya Nyakato, Mwanza, binti wa kidato cha tatu ana kazi ya shule ya kuchapa, na inatakiwa Jumatatu asubuhi. Kompyuta ya mezani ya mtumba, inayotumia Linux, imewaka vizuri. Kibodi isiyo na waya haiandiki hata herufi moja.

"Umeifanya nini hii?" baba anauliza kwa ukali.

"Sijaigusa, baba."

Mama ameshaanza kuhesabu pesa ya fundi.

Binti alisema kweli. Mchana, mdogo wake aliiunganisha kibodi hiyo na simu ya mama ili acheze. Kibodi nyingi za bei nafuu za Bluetooth hukumbuka kifaa kimoja tu. Ilipoishika simu, ikaisahau kompyuta. Kompyuta nayo ikabaki na kumbukumbu ya zamani isiyofanya kazi tena.

Kabla ya kwenda kwa fundi, mzazi ajaribu haya:

1. Aangalie betri na swichi ya chini. Kama kibodi ilikuja na kidude chake cha USB, haihitaji Bluetooth; akichomeke tu, mbali kidogo na diski ya nje.

2. Azime Bluetooth kwenye simu zote za nyumbani.

3. Kwa kutumia kipanya, afungue mipangilio ya Bluetooth ya kompyuta na kulifuta jina la kibodi. Kisha abonyeze kitufe cha kuunganisha kwenye kibodi kwa sekunde kadhaa hadi taa imetemete, aitafute upya.

4. Skrini ikionyesha tarakimu sita, aziandike kwenye kibodi hiyohiyo, kisha abonyeze Enter. Wengi hukwama hapa: wanasubiri kibodi iunganike kwanza, na muda unakwisha.

5. Ikigoma bado, aazime kibodi ya waya, afungue terminali na kuandika bluetoothctl. Ndani yake aandike scan on ili aione namba ya kibodi, kisha pair, trust na connect, kila moja ikifuatiwa na namba hiyo. Trust isisahaulike. Bila hiyo, kibodi inaweza kukubali leo na kukataa kesho kompyuta ikiwashwa.

Kibodi ya waya, hata kuukuu, ni akiba nzuri ya nyumba. Kwa familia ya Nansio, Ukerewe, inaweza kuokoa safari nzima ya meli kwenda kwa fundi mjini.

Nyumba ile ya Nyakato ilimaliza kazi katika hatua ya nne. Binti akaanza kuchapa saa mbili usiku. Baba alisimama mlangoni kwa muda, kisha akasema, "Samahani, mwanangu. Ningeuliza kwanza."

Mdogo mtu alikuwa ameshalala.