Kabla ya kujenga mnara, tukae chini tuhesabu



Injili ya Dominika ya 23 ya Mwaka C (Lk 14:25-33) inatupa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Bwana anatufundisha kwamba mwenye busara hukaa kwanza akapiga hesabu, asije akaweka msingi kisha akashindwa kumaliza na kuwa kichekesho cha wapita njia. Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru hatuhitaji kwenda mbali kuuona mfano huo. Jengo la AICC lililo katikati ya mji wetu lilijengwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1967. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, jengo likabaki, na mwaka uliofuata likafanywa kituo cha mikutano. Baadaye, ndani ya jengo hilo hilo, Mahakama ya Kimataifa ilisikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda. Nyumba iliyokusudiwa kwa ajili ya undugu ikawa mahali pa kusimulia jinsi majirani walivyouana.

Mpaka wa Namanga ulipofungwa mwaka ule wa 1977 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Shangazi yangu alikuwa ameolewa upande wa Kajiado. Babu alifariki mpaka ukiwa bado umefungwa, na shangazi hakumzika baba yake. Alifika nyumbani baada ya mpaka kufunguliwa mwaka 1983, akaenda moja kwa moja kaburini, akakaa pale hadi jioni. Wakubwa waligombana juu ya ndege, reli na mgawanyo wa faida. Gharama aliilipa shangazi.

Ndoto ya kuwa nchi moja ni ya zamani. Mwaka 1960 Mwalimu Nyerere alikuwa tayari uhuru wa Tanganyika ucheleweshwe kama hiyo ingesaidia nchi zetu kuungana. Tarehe 5 Juni 1963, yeye, Mzee Kenyatta na Milton Obote walitangaza mjini Nairobi nia ya kuunda shirikisho mwaka huo huo. Halikuundwa. Jumuiya ya sasa ilizaliwa kwa Mkataba uliotiwa saini hapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na Mkataba huo umeweka ngazi nne: Umoja wa Forodha, Soko la Pamoja, Umoja wa Fedha, na juu kabisa Shirikisho la Kisiasa. Ngazi mbili za kwanza tumezikanyaga, mwaka 2005 na 2010. Sarafu moja iliyotarajiwa mwaka 2024 imesogezwa hadi 2031. Kamati ya Amos Wako ilipendekeza mwaka 2004 kwamba shirikisho liwepo ifikapo 2013, nalo halikuwepo. Mwaka 2017 Wakuu wa Nchi wakaamua tuanze na konfederesheni, yaani muungano ambao kila nchi inabaki na mamlaka yake na kukabidhi mambo machache tu kwa pamoja. Wakati huo huo tumetoka nchi tatu hadi nane, kutoka Bahari ya Hindi hadi Bahari ya Atlantiki.

Je, kuchelewa huku ni dhambi? Si lazima. Wananchi walipoulizwa mwaka 2006 na 2007 kama shirikisho liharakishwe, Watanzania wengi walisema hapana, na hofu yao kubwa ilikuwa ardhi. Huku kwetu, mahali ambapo shamba la migomba la babu limegawanywa kwa wajukuu mpaka limebaki vipande vya nusu ekari, hofu hiyo haichekeshi. Aliyesema hapana kwa sababu hiyo alikuwa anapiga hesabu, jambo ambalo Bwana analisifu. Lakini kuna kuhesabu kwa nia ya kujenga, na kuna kuhesabu ili tupate sababu ya kutojenga. Tujiulize sisi tuko upande gani.

Mwezi Julai mwaka 2025 Serikali yetu ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo duka la rejareja, kutengeneza simu, kuongoza watalii na kununua mazao shambani. Wenye maduka madogo walishangilia, na naelewa kwa nini. Lakini mkulima wa vitunguu anayemtegemea mnunuzi kutoka Kenya naye ana hesabu yake. Wakenya walilalamika kwamba amri hiyo inapingana na Soko la Pamoja. Nao wana la kujibu, maana Machi 2021 walizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa hoja ya sumukuvu. Nasi mwaka 2017 tulichoma moto vifaranga 6,400 pale Namanga kwa hofu ya mafua ya ndege. Kila upande una sababu yake na kidonda chake.

Hapa ndipo somo la pili linapotusaidia. Paulo anamwandikia Filemoni ampokee Onesimo, ambaye zamani alikuwa mtumwa wake, na ampokee kama ndugu. Filemoni alikuwa na haki zake zote kisheria. Paulo hamlazimishi, anamwomba aachilie haki hiyo kwa hiari, kwa sababu ya undugu. Na Injili inamalizia kwa neno gumu: asiyeacha vyote alivyo navyo hawezi kuwa mfuasi. Gharama ya mnara wetu basi ni pana kuliko michango ya bajeti, ingawa hata hiyo hucheleweshwa, na zaidi ya mara moja Bunge la Afrika Mashariki limekwama kwa kukosa fedha. Gharama kubwa ni kila nchi kuachilia sehemu ya ile kauli ya “hiki ni changu peke yangu”.

Kuna na gharama ya kuambiana ukweli. Mkataba wetu unataja demokrasia, utawala wa sheria na haki za binadamu kuwa misingi ya Jumuiya. Hata hivyo, mwezi Mei 2025 watu kutoka Kenya waliokuja kusikiliza kesi mahakamani Dar es Salaam walizuiwa uwanja wa ndege na kurudishwa kwao, kwa hoja kwamba wageni wasiingilie mambo yetu ya ndani. Mwezi Januari 2025 mji wa Goma ulitekwa na M23, ndani ya nchi mwanachama, na nchi mwanachama nyingine inatuhumiwa kuwasaidia waasi. Kama ndugu hawezi kuuliza ndugu yake anafanya nini, undugu huo uko kwenye bendera tu.

Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA waliamua kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe kipaumbele cha Kanisa katika ukanda wetu. Mwaka mmoja baadaye Jumuiya ya serikali ikafa, lakini zile za majirani zikaota mizizi. Kwa nini? Katika jumuiya yenu ya mtaani asiyetoa mchango huulizwa. Anayempiga mke wake hawezi kujificha nyuma ya “mambo ya ndani”, wazee humfuata. Mgonjwa hutembelewa hata kama kabila lake ni lingine. Tunatumia neno moja, jumuiya, kwa vitu vyote viwili. Ingefaa kubwa ijifunze kwa ndogo.

Mwezi Oktoba 2025 tulipiga kura. Januari 2026 ilikuwa zamu ya Uganda, na 2027 ni ya Kenya. Mgombea akifika kwenu Tengeru, Ngaramtoni au Longido, baada ya kumwuliza habari za maji na barabara, mwulize pia swali moja: yuko tayari kuachilia nini ili majirani zetu wawe ndugu zetu? Lakini kwanza wiki hii tulijibu sisi wenyewe, tukianza na yule Mkenya, Mrundi au Mkongomani anayekaa benchi la nyuma kanisani na ambaye hakuna aliyewahi kumkaribisha jumuiyani. Mwenyekiti asisubiri Wakuu wa Nchi. Ampelekee taarifa ya mahali mtakaposali.